Lubumbashi watoto hawaibwi, tunawatoa wenyewe

#1 Mwana_Kamalondo
Wakubwa, jambo yenu.

Kila redio ikitaja biashara ya watu, tunawaza gari jeusi lenye vioo vya giza linalonyakua watoto barabarani. Mimi nasema kwa hapa Lubumbashi hiyo ni hadithi ya kuwatisha watoto walale mapema. Hapa watoto hawaibwi. Tunawatoa wenyewe, mchana, na nauli tunalipa.

Kwenye avenyu yetu kuna familia imeletewa msichana kutoka upande wa Kamina. Kwa kumkadiria ana miaka kumi, kumi na moja. Saa kumi na moja alfajiri yuko bombani, bido ya lita 20 kichwani. Watoto wa nyumba hiyo wakienda shule, yeye anabaki na masufuria. Juzi nilimuuliza jina lake. Kabla ya kujibu aligeuka akamtazama mama mwenye nyumba usoni, akasubiri, ndipo akalitaja. Nikaambiwa "huyo ni mtoto wa ndugu yetu". Ndugu gani, hakuna aliyenijibu.

Hii nayo ni biashara ya watu, au mimi nina roho mbaya tu? Na chanzo chake ni nini? Msiniambie umaskini, maana mama huyo ana magari mawili.

#2 Mama_wa_Ruashi
Mwanangu, taratibu. Mimi nililelewa na shangazi yangu kule Likasi tangu miaka minane. Nilifua, nilichekecha unga, nilibeba maji. Nilichapwa pia, na si kidogo. Leo ni mwalimu, na shangazi alipofariki ni mimi niliyelipa jeneza. Utamwita yule mfanyabiashara ya watu? Kwetu mtoto ni wa ukoo mzima. Mkianza kuita polisi kwa kila mtoto anayebeba bido, nusu ya mji italala kasho.

#3 Binti_Kenya
Mama, usinikasirikie. Shangazi alikupeleka shule?

#4 Mama_wa_Ruashi
Mpaka diploma ya Serikali.

#5 Binti_Kenya
Basi shangazi alikuwa analea. Huyu wa avenyu ya Mwana_Kamalondo analelewa na nani, sufuria?

#6 Katuba_Mbele
Juu ya nini tunazunguka? Ile yote njo Gécamines, kampuni ya migodi ya Serikali. Baba yangu alikuwa anapata bunga ku kantine, batoto banasoma bure, hopitali bure. Kiisha 1997 bakafukuza batu, kila kintu ikaisha. Mutu akikosa bunga, atatuma mutoto kwa mwenye iko nabo. Ni vile tu.

#7 Muzee_Karavia
Kijana, 1997 ni mwaka Mobutu alioondoka, usichanganye mafaili. Gécamines iliachisha watu 2003, kwa ule mpango walioupa jina la kuondoka kwa hiari, Benki ya Dunia ndiyo iliyotoa pesa. Tulikuwa zaidi ya 10,000. Nilisimama kwenye foleni hiyo mimi mwenyewe. Hiari gani, wakati mshahara ulikuwa hauonekani miezi na miezi?

Lakini hesabu yako siikubali. Mimi na jirani yangu tuliondoka siku moja, pesa karibu sawa. Mimi nilinunua Hiace, ikafa kabla mwaka haujaisha. Yeye alioa mke wa pili. Wote wawili tulirudi sifuri. Watoto wake wawili wakatumwa kuosha mawe mtoni kwa tajiri mmoja, wangu waliuza mandazi jioni na asubuhi wakaenda shule. Njaa ilikuwa ileile. Mke wangu alikataa, basi.

#8 Katuba_Mbele
Muzee, miaka sita tu njo unanitolea faili? 😂 Ile Hiace ilikuwa rangi gani, tujue kama tuliipandaka.

#9 Mpita_Njia
Mnahangaika bure. Kongo haina sheria ya biashara ya watu. Mtu akikamatwa anatoa mbuzi kwa familia, mambo yanaisha.

#10 Avoka_Mpole
Mpita_Njia, sheria ipo. Ni namba 22/067 ya tarehe 26 Desemba 2022, iliyoongeza usafirishaji haramu wa binadamu kwenye kanuni yetu ya makosa ya jinai ya mwaka 1940. Kabla yake ilikuwepo sheria ya kulinda mtoto ya Januari 2009. Hata ajansi ya taifa ya kupambana na jambo hili iliundwa mwaka 2019.

Kuhusu swali la Mwana_Kamalondo. Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, ambayo Kongo ni mwanachama wake, inaangalia mambo matatu: kitendo (kumwajiri mtu, kumsafirisha, kumpokea, kumficha), njia iliyotumika (nguvu, ulaghai, kutumia vibaya shida ya mtu), na lengo, yaani kumnyonya. Kwa aliye chini ya miaka 18, hilo la pili halihitajiki. Hata kama mtoto alikubali, hata kama baba alikubali na kupewa gunia la unga, haibadilishi kitu. Linabaki lengo. Kama aliletwa ili afanyishwe kazi na kunyimwa shule, "ndugu yetu" si jibu mbele ya hakimu.

#11 Binti_Kenya
Asante Avoka. Sasa atakayeenda kushtaki ni nani? Mtoto hajui hata jina la avenyu anayoishi. Wazazi wako Kamina wanasubiri salamu. Jirani ni Mwana_Kamalondo, na yeye anaandika kwenye jukwaa.

#12 Mwana_Kamalondo
Umenipiga, dada. Lakini kesho bado nitaomba chumvi kwa mama huyohuyo. Tuseme ukweli, ujirani wetu unaanza wapi na kuishia wapi?

#13 Mutoto_wa_Reli
Mimi sijazoea kuandika marefu, lakini leo wacha niandike.

Nilikuja Lubumbashi kwa treni kutoka Mwene-Ditu, upande wa Kasai, nikiwa mdogo, na mtu tuliyemwita mjomba. Mama aliambiwa nitasoma. Njiani mjomba alinunua mihogo na samaki wa kukaanga, akatupa wote sawa, tulikuwa wavulana wanne. Nilimpenda, sitaficha. Treni ilisimama porini mara nyingi sana, na kila mara yeye ndiye aliyetafuta maji.

Tulipofika akatukabidhi kwa mama mmoja karibu na gari kubwa (stesheni, kwa wageni). Tukaanza kuuza maji ya vifuko. Jioni kila mmoja anatumbukiza pesa kwenye kopo la maziwa lililotobolewa juu, anazitaja kwa sauti, yule mama anaandika. Ukipungukiwa, kesho unaanza na deni. Deni langu halikuisha kamwe, kwa sababu hata ugali wa usiku uliandikwa. Hakuna aliyenifunga kamba. Mlango ulikuwa wazi. Niende wapi?

Kilichonitoa ni msusi mmoja wa pale stesheni, aliyeona nasoma gazeti lililofungia karanga. Alinipeleka Bakanja, nyumba ya watoto wa mitaani ya mapadre Wasalesiani. Leo nina kazi, nina mke. Yule mjomba nilimwona tena kwenye msiba miaka mingi baadaye. Alinisalimia vizuri, akaniuliza nimezaa wangapi.

#14 Sifa_Kampemba
Pole kaka. Hilo kopo limenikaa kichwani.

#15 *[Jibu limefutwa na msimamizi.]*

#16 Msimamizi
Ukabila hapa hapana. Anayetaka kusema "wale wanaoshuka kwenye treni" ahame jukwaa.

#17 Tshika_Mukila
Asante msimamizi, ila niliisoma kabla haijafutwa, kwa hiyo najibu. Watu wa Kasai mnaowaona wakishuka kwa wingi hawakuja kutalii. Agosti 2016 chifu Kamuina Nsapu aliuawa, Kasai ikawaka, na kufikia mwaka uliofuata Umoja wa Mataifa ulihesabu watu milioni 1.4 waliohama makwao. Shule zilichomwa. Mtu akija kwenye kijiji kama hicho akasema "nipe mtoto mmoja nikamsomeshe Lubumbashi", mzazi atamkatalia kwa lipi? Chanzo ni vita. Treni ni treni.

#18 Muzee_Karavia
Mutoto_wa_Reli katoka huko, lakini ulipochukua vita vya 2016 hukuhesabu umri wake. Ameshaoa, ana watoto. Yeye alikuja wakati Kasai ina amani.

#19 Tshika_Mukila
Amani ya njaa, muzee.

#20 Dereva_Tunduma
Habari zenu ndugu zangu wa Kongo. Mimi ni Mtanzania, nabeba shaba Kasumbalesa hadi Dar, nasoma kimyakimya siku zote. Huwa mnatusingizia sana madereva kuwa ndio tunaovusha watu. Ngoja niwaeleze inavyokuwa.

Upo foleni mpakani siku ya tatu, umechoka, usiku mtu anagonga mlango wa gari. Amevaa vizuri. Anasema ana mdogo wake anataka kufika Kapiri Mposhi, Zambia, dada yao anamsubiri, anakutolea dola 50. Binti yuko nyuma yake, ana mfuko mmoja wa nailoni, hasemi neno. Mimi huwa namuuliza binti mwenyewe: dada yako anaitwa nani? Siku moja alijibu jamaa. Nikafunga kioo. Lakini gari la nyuma yangu lilifungua.

#21 Katuba_Mbele
Dereva, "gari la nyuma yangu" tunaijua ile. Kila mara ni gari la nyuma 😂

#22 Dereva_Tunduma
Haya bwana, cheka. Lakini anayempokea kule si dereva. Muulizeni anayempokea.

#23 Sifa_Kampemba
Jamani, mbona mnaongea watoto tu? Wakubwa pia tunauzwa, tena tuna diploma.

Mimi nilitumiwa ujumbe kwenye WhatsApp na mama niliyekuwa naye kwenye kikundi cha kwaya. Kazi ya hoteli Dubai, tiketi wanalipa wao, tunapita Lusaka, nitarudisha kidogokidogo kwenye mshahara. Nilifurahi nikaanza kuaga watu. Binamu yangu anayefanya kazi ya tiketi akaomba aone viza. Ilikuwa ya matembezi, siku 30. Akaniuliza: siku ya 31 utakuwa nani pale? Nilipompigia yule mama, akasema viza ya kazi nitaipata nikishafika, ila pasipoti aishike yeye "isipotee". Na nisiwaambie nyumbani, kwa sababu ya wivu.

Nilikataa. Wenzangu wawili wa kwaya walienda. Mmoja yuko kwenye nyumba ya mtu huko Ghuba, si hoteli, na kwa ule utaratibu wao wa kafala (tajiri ndiye mdhamini wako) hawezi kubadili tajiri bila ruhusa. Wa pili simu yake haipatikani.

Sasa niambieni, sisi tulikuwa maskini wa kutupwa? Baba yangu ana nyumba ya kupangisha. Ni tamaa ya Ulaya na Dubai. Kila mtu anataka picha mbele ya jengo refu.

#24 Binti_Kenya
Dada Sifa, usijihukumu hivyo. Mwenye diploma anakaa miaka bila kazi mji huu, akiambiwa hoteli atakataaje? Hiyo tunaiita tamaa kwa sababu aliyedanganywa ni mwanamke. Mwanamume akienda Kolwezi kuchimba, tunasema amejituma.

#25 Lupopo_Damu
Na wavulana wanadanganywa kwa mpira. Mtaani kwetu alikuja mtu na jezi na filimbi, akasema ni ajenti, anatafuta vipaji vya kupeleka Afrika Kusini. Wazazi walichanga pesa za pasipoti. Vijana wakafika Zambia, wakaachwa kwenye gesti, na mwenye gesti akawashika kwa ajili ya deni la vyumba mpaka walipoanza kumjengea ukuta.

#26 Kidiaba_Wa_Pili
Walikuwa wachezaji wa timu yenu ya Lupopo? Basi mwenye gesti ndiye aliyeuziwa hasara.

#27 Lupopo_Damu
Mazembe mmebaki na fainali ya 2010 tu. Tatu bila na Inter, bado mnaisimulia.

#28 Kidiaba_Wa_Pili
Tulifika fainali ya dunia, kaka. Ninyi mlifika Kipushi.

#29 Msimamizi
Mpira una chumba chake. Turudi.

#30 Noëlla_Social
Nimefanya kazi na watoto wa mitaani hapa mjini, na chanzo kimoja mmekiruka wote: buloji, yaani uchawi. Baba anaoa upya, mtoto mdogo anaugua, mkubwa anakojoa kitandani. Wanaenda kwenye chumba cha maombi, wanarudi na jina: huyu ndiye muloji. Anafungishwa siku kadhaa bila chakula, halafu siku moja haingii tena ndani. Usiku wa kwanza analala sokoni. Kabla wiki haijaisha ameshapata "yaya" (kaka mkubwa) wa kumlinda, na yaya huyo anataka pesa kila jioni. Msichana, anatakiwa pesa ya aina nyingine.

Kopo la Mutoto_wa_Reli nimeliona mara nyingi. Tofauti ni kwamba yeye aliletwa, hawa wamefukuzwa. Wanaishia mkono uleule.

#31 Mtumishi_Annexe
Mpendwa, msiyachafue makanisa yote. Uchawi upo, hata Biblia imeutaja. Sisi tunaombea watoto, hatufukuzi mtu. Anayefukuza ni mama wa kambo, halafu anasema "pasta kasema".

#32 Avoka_Mpole
Mtumishi, Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshutumu mtoto kwa uchawi na inataka mwenye kufanya hivyo aadhibiwe. Haijamtenga pasta wala mama wa kambo.

#33 Noëlla_Social
Na pasta "kasema" kweli, Mtumishi. Nimekaa kwenye benchi la nyuma nikisikia. Si makanisa yote, sawa, lakini mama wa kambo peke yake hawezi kumshawishi mtaa mzima.

#34 Mpita_Njia
Shege wote hao wa mitaani wapelekwe kambi ya Kaniama-Kasese wakalime mahindi kama wale kuluna, wahuni wa Kinshasa. Watashika adabu.

#35 Mutoto_wa_Reli
Mpita_Njia, kwa hiyo dawa ya mtoto aliyechukuliwa kufanyishwa kazi mbali na kwao ni kumchukua akafanye kazi mbali na kwao?

#36 Katuba_Mbele
Mpita_Njia, lala.

#37 Mchimba_Kolwezi
Salamu kutoka Kolwezi. Naona mawe yametajwa tu juu juu. Watoto wengi ninaowaona mgodini wamekuja na baba zao au mama zao, hawakusafirishwa na mtu. Msichanganye. Pale Kasulo kobalti ilipogunduliwa 2014 chini ya nyumba za watu, familia zilichimba ndani ya sebule zao wenyewe. Nani alimuuza nani hapo?

Kinachofanana na biashara ya watu huku kwetu ni avansi. Tajiri anakupa unga, tochi, pesa ya kuanza shimo. Mkikosa mawe miezi miwili, hamuwezi kuhamia kwa tajiri mwingine. Mkipata, anapima yeye kwa mizani yake na kipimo cha ubora anacho yeye. Na vijana wengi wenye deni hilo wanatoka kwenu Lubumbashi, si Kasai peke yake.

#38 Binti_Kenya
Na anayenunua? Si familia za watoto waliokufa na kuvunjika mashimoni zilishtaki Apple, Google, Microsoft, Dell na Tesla kule Marekani?

#39 Avoka_Mpole
Ndiyo, Desemba 2019, kwa sheria yao ya kupinga usafirishaji wa watu. Zilishindwa. Machi 2024 mahakama ya rufaa ya Washington ilisema kampuni kununua tu kobalti kupitia mlolongo wa wauzaji haimaanishi kwamba imeshiriki kwenye biashara ya anayewanyonya watoto. Kwa maneno mengine, mnunuzi yuko mbali mno.

#40 Mchimba_Kolwezi
Mbali, lakini bei ikishuka London, huku jioni hiyohiyo tunajua.

#41 Muzee_Karavia
Nyote mnaongea kana kwamba jambo limeanza jana. Mji huu ulijengwa na watu walioletwa. Mwaka 1910 reli ilipofika kutoka Rhodesia, mwaka huohuo Wabelgiji waliunda Bourse du Travail du Katanga, kazi yake kutafuta wanaume vijijini kwa ajili ya migodi. Mtafutaji anaenda kwa chifu, anampa zawadi, chifu anatoa vijana. Babu yangu alitolewa hivyo. Wengi walikufa kwa magonjwa, ndipo baadaye Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, ikaona ni rahisi zaidi wafanyakazi kukaa na wake zao kuliko kuleta wapya kila mwaka. Kamalondo, ndugu yangu uliyefungua uzi, ilipangwa kwa ajili ya watu hao.

Kwa hiyo mjomba wa kwenye treni ana mababu.

#42 Tshika_Mukila
Na kabla ya Wabelgiji, Msiri pale Bunkeya aliuza watu na pembe kwa wafanyabiashara wa pwani, mpaka alipouawa 1891. Twende nyuma mpaka Adamu, muzee?

#43 Katuba_Mbele
Bayeke, batu ya Msiri, batakuja hapa sasa hivi, mimi natoka.

#44 Mwana_Kamalondo
Muzee nimekuelewa, lakini historia inanisumbua kwa sababu inamfanya kila mtu awe na udhuru. Chifu ana udhuru, mjomba ana udhuru. Mimi bado naangalia upande wa anayepokea. Kama hakuna anayetaka mtoto wa kazi za nyumbani, nani atapanda treni siku zote hizo kumleta? Shule ya msingi ni bure tangu Septemba 2019. Mama wa magari mawili hana cha kulipa.

#45 Mama_wa_Ruashi
Bure kwenye karatasi. Sare nani ananunua, madaftari nani ananunua? Darasani kwangu wanakaa wanne kwenye benchi moja. Hilo la shule niachieni mimi.

Na nawe Mwana_Kamalondo, badala ya kusubiri chumvi, nenda kwa shefu wa kartie (mtaa) au Divas, ofisi ya masuala ya jamii, useme kuna mtoto asiyesoma. Huna haja ya kusema neno "biashara". Ukilisema, kesho watamhamishia kwa "ndugu" mwingine Kipushi na hutamwona tena.

#46 Noëlla_Social
Mama kasema sawa. Jaribu kwanza kujua kijiji chake na jina la mama yake. Bila hayo, hata akitolewa pale, hakuna pa kumrudisha.

#47 Avoka_Mpole
Siafiki kulifumbia macho kosa, lakini kwa usalama wa mtoto, ndiyo, anzeni hapo. Parike, ofisi ya mwendesha mashtaka, itafuata.

#48 Mama_wa_Ruashi
Nami nina swali kwa ninyi nyote mliopiga kelele tangu asubuhi. Dada wa kazi nyumbani kwenu mnamlipa ngapi, na ana miaka mingapi? Katuba_Mbele, anza wewe.

#49 Katuba_Mbele
Mama, umeme ilikatika huku, simu njo inazimika

#50 Binti_Kenya
Ajabu, umeme wa Katuba unakatika kwenye swali la mshahara tu. Muzee Karavia, zamu yako.

#51 Muzee_Karavia
Kwangu anapika mke wangu. Muulizeni Avoka.